Siku Mama Alipouingia Msitu wa Joto

Siku mama yake Daktari alipofika kituoni bila taarifa, Fundi alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, mikono yote miwili ndani ya kisanduku cha nyaya. Alisikia gari likisimama uani. Mlango mmoja ulifungwa taratibu, wa pili ukabamizwa. Hakugeuka. Wageni wa kituo kile cha utafiti walikuwa wa aina mbili tu: wanafunzi waliokuja kupiga picha, na watu waliopotea njia.

"Hodi hapa! Tunamtafuta huyo fundi wa umeme."

"Ndiye mimi," Fundi akajibu, na kwa sababu ya bisibisi maneno yakatoka yamepinda.

Halafu sauti nyingine, nene, ikasema bila hata kujisumbua kunong'ona: "Wifi, tazama mwenyewe. Amevaa suruali ya kaka zake."

Fundi akageuka. Chini ya ngazi walikuwa wamesimama wanawake wawili waliovaa kama watu wanaokwenda kutoa mkono wa pole. Yule mnene hakumjua. Huyu mwingine, mwembamba, mtandio umekazwa kichwani, naye hakuwahi kumwona, lakini macho yake aliyajua. Yalikuwa macho yale yale yaliyoshuka kidogo pembeni, macho ambayo mwaka mzima sasa yalikuwa yakimsahaulisha maneno yake mwenyewe kila yalipomtazama. Daktari alikuwa ameyarithi yote mawili, na kope zake.

Akashuka haraka hata akakosa ngazi ya mwisho.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akasema mama. Alimpa mkono, na alipouondoa ulikuwa na alama ya grisi. Hakuifuta. Fundi angependa sana aifute.

"Daktari yuko upande wa pili wa msitu," Fundi akasema. "Leo anapima miti ile isiyopashwa joto. Atarudi mchana. Naweza kumpigia simu ya upepo."

"Usimpigie. Najua ratiba yake. Ndiyo maana nimekuja saa hizi."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali.

Aliwakaribisha barazani, akawapa chai. Shangazi alikunywa yake, akanywa na ya wifi yake, huku akilalamika kwamba familia nzima ilijinyima ili mtoto awe daktari, na alipoupata huo udaktari akaenda kutibu majani. "Goti langu hili linaniua miaka mingapi? Nikimwambia, ananiambia, 'Shangazi, mimi si daktari wa watu.' Daktari gani huyo? Hata dawa ya kichwa hana!"

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka machozi. Leo alitabasamu kwa adabu tu, akingoja mama aseme neno. Mama akainuka kitini.

"Nionyeshe huo msitu mnaoupika," akasema. "Nataka kuona kinachomzuia mwanangu."

*

Njia ilikuwa nyembamba, yenye utelezi wa mvua ya jana. Fundi alitangulia, akinyanyua matawi ili yasimguse mgeni usoni. Shangazi alibaki barazani na goti lake.

Walipofika, mama akasimama. Kati ya miti mikubwa palikuwa na nguzo za chuma zilizozunguka kipande cha ardhi, na juu ya nguzo hizo vilining'inia vipasha joto vilivyoelekezwa chini. Nyaya zilishuka kwenye nguzo, zikatambaa hadi kwenye swichi kuu iliyokuwa chini ya kibanda kidogo cha bati nje ya duara. Fundi akamruhusu mama aingie. Joto likawapokea kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno. Harufu ya udongo ilikuwa nzito. Miche iliyoota chini ilikuwa imekunja kingo za majani yake.

Mama akaweka kiganja juu ya jani moja. "Mbona linaumwa?"

"Linaumwa kweli, mama. Tunaupa msitu homa kidogo, tunaiangalia usiku na mchana. Dunia inazidi kuwa na joto. Siku homa yenyewe ikija, itaingia kila mahali, na haitamuuliza mtu. Kwa hiyo tunataka kujua mapema mti gani utastahimili na upi utakufa, na udongo nao utatoa hewa gani ukichemka."

"Mnaugua mapema ili mjue."

"Ndiyo, mama."

"Na aliyebuni haya yote ni mwanangu?"

"Yeye na wenzake. Mimi nafunga nyaya tu."

"Usijishushe. Ameniambia bila wewe hapa pangekuwa giza." Mama akalitazama tena lile jani, akaliachia. "Anakutaja sana. Akija nyumbani, hata chumvi ikipungua mezani, anapata njia ya kukutaja."

Fundi akainamisha kichwa kuficha furaha iliyomrukia usoni. Ilikuwa furaha ya muda mfupi.

"Ameitwa ng'ambo," mama akaendelea, sauti ile ile. "Wenye fedha za utafiti wanataka akawajengee msitu kama huu, mkubwa zaidi. Miaka mitatu. Watu wanalilia nafasi hiyo. Amewaandikia kwamba hataenda."

Upepo ukapita juu ya miti, matone ya jana yakadondoka.

Mama akamtazama usoni, akasoma alichokisoma.

"Hakukuambia," akasema. Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Fundi kuliko tusi.

"Hakuniambia."

"Nilidhani ninyi wawili mmekaa mkakubaliana. Nimekuja na hasira zangu zote, kumbe namwambia mtu habari mpya." Mama akavuta pumzi. "Sikiliza, binti. Wifi yangu alitaka kuja kukutukana. Mimi nimekuja kukuomba. Baba yake mwanangu alipofariki, mtoto alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nimemsomesha kwa cherehani, macho yangu nimeyamalizia kwenye tundu la sindano. Leo mlango umefunguka, na yeye amekaa kizingitini kwa sababu yako. Wewe ni msichana mwenye kazi yako, sikudharau. Lakini mwachie. Ukimwambia wewe kwamba humtaki, ataenda. Mimi akinisikia, anatikisa kichwa tu."

"Nimwambie simtaki?"

"Ndiyo."

"Ni uongo, mama."

"Najua ni uongo. Ningekuwa naona humpendi, nisingekuomba. Ningekupa amri."

Fundi akatoka nje ya duara hatua kadhaa, akajifanya anaangalia nyaya, ili mwanamke yule asimwone machozi. Ndani yake mambo mawili yalikuwa yanagombana: hasira kwa Daktari aliyemficha, na hofu kwamba mama huyu anasema kweli.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Haukuanza kwa kunong'ona. Ulikuja mara moja, kama mtu aliyepiga teke mlango, na juu kabisa tawi likalia. Fundi aliijua sauti ile.

"Mama, rudi nyuma!"

Tawi likashuka na majani yake yote. Halikumgusa mama. Lilikipiga kipasha joto cha upande wa kushoto, likang'oa waya, na waya ukaanguka kwenye tope pembeni ya nguzo, ukabaki umejikunja. Mama aliruka nyuma, akateleza, mkono wake ukaitafuta nguzo ya chuma iliyokuwa karibu ili ajishike.

"Usiguse nguzo!"

Mkono ukabaki hewani.

"Binti, naangu..."

"Nimesema usiguse! Simama hapo hapo! Unganisha miguu!"

Fundi alikuwa amenyoosha kiganja kuelekea vipasha joto vilivyobaki. Joto bado lilikuwa likimjia mkononi. Maana yake umeme ulikuwa bado unapita. Ile swichi ya usalama iliyotakiwa kujizima yenyewe haikujizima. Waya ulikuwa hai, umegusana na nguzo, na tope lililolowa lilikuwa likiusambaza umeme ardhini; hatua moja tu ingeupitisha mwilini, mguu hadi mguu.

"Miguu, mama! Kisigino kwa kisigino! Usipige hatua hata moja!"

"Natetemeka, mwanangu."

"Tetemeka, lakini usisogee! Ukisogea unakufa, umenisikia?"

Mama akaunganisha miguu. Mtandio ulikuwa umeanguka, nywele zake za mvi zilikuwa wazi, mikono ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani. Fundi akakimbia. Alifika kwenye kibanda, akapiga chini swichi kuu kwa ngumi, kisha akatoa fyuzi moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye majani ili asiwepo hata shetani wa kuzirudisha. Akarudi mbio, akanyoosha kiganja tena. Joto lilikuwa linakufa. Alichomoa kipimo chake mfukoni, akagusa nguzo, akatazama, akagusa tena kwa sababu hakuyaamini macho yake.

"Imekwisha," akasema. "Imekwisha, mama. Njoo."

Mama hakuweza kuja. Fundi alimfuata, akamshika kiunoni, na mwanamke aliyekuja kumwomba amwachie mwanawe akamwangukia begani na uzito wake wote.

*

Daktari aliwakuta njiani. Alikuwa amesikia tawi likivunjika, akakimbia toka upande wa pili wa msitu, shati limeraruliwa na miiba. Alimwona Fundi kwanza.

"Umezima?" akauliza, akihema.

"Nimezima," Fundi akasema. "Na mama yako ni mzima, kama ulitaka kujua."

Ndipo alipomwona mtu aliyeegemea bega lile. Uso wake ukapoteza damu. "Mama? Mama, umefikaje hapa?" Akapiga magoti kwenye tope, akaishika miguu ya mama yake, akaipapasa kama anayehakikisha iko yote.

Mama akaweka mkono juu ya kichwa chake.

Barazani, shangazi alipiga yowe lililofukuza ndege. "Nilisema mimi! Nilisema, msitu haupikwi! Sasa ona, karibu wampike wifi yangu!" Lakini huku akipiga kelele, mikono yake ilikuwa tayari imemfunika mama shuka, imemwekea maji, imemvua viatu vyenye tope. Goti lilikuwa limesahauliwa.

Fundi aliketi kwenye ngazi za baraza, mgongo kwa wote. Alikuwa akikwangua tope kwenye viatu vyake.

Daktari akaja akaketi karibu. "Umemwokoa mama yangu. Sijui hata niseme..."

"Lini ulipanga kuniambia?"

Alielewa mara moja. Akamtazama mama yake, kisha akatazama chini.

"Sikutaka ujisikie vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kwamba umenizuia."

"Ahaa." Fundi akamgeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilikata. "Na sasa unadhani najisikiaje? Nimesimama msituni, mama yako ananiambia mimi ni kamba niliyokufunga mguu. Kamba yenyewe haikuwa na habari! Umenifanya mzigo, bila hata kuninyanyua uone kama nina uzito."

"Nilifikiri..."

"Ulifikiri nini?"

"Una mama yako. Usingeweza kumwacha miaka mitatu. Nikasema afadhali nikae, tukae wote."

"Mama yangu anaishi na baba na dada zangu wawili, na bado ana nguvu hata wanamtuma dukani. Uliniuliza?"

"Hapana."

"Mimi si kipande cha msitu, Daktari. Huwezi kukaa pembeni unanipima, halafu ukatoa jibu lako peke yako. Mimi nina mdomo. Naulizwa, najibu." Alifuta jicho kwa kiwiko, tope likamchafua shavu. "Halafu niambie. Huo msitu wa ng'ambo wataupasha joto kwa kitu gani? Kwa maombi? Hawahitaji fundi?"

Shangazi akapasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono.

Daktari hakucheka. Aling'oa mwiba uliobaki kwenye shati lake, na Fundi akaanza kuogopa jibu.

"Wanahitaji," hatimaye akasema. "Waliniuliza kama namjua mtu."

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia simjui mtu atakayekubali."

Fundi aliona kama amepigwa kofi. Hata mama kule kitini alifumba macho. Kule msituni maji yalikuwa yakidondoka toka jani hadi jani, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi, mlio mdogo wa vipasha joto haukuwapo. Fundi aligundua kwamba alikuwa ameuzoea hadi akaacha kuusikia. Akasimama.

"Nakwenda kutoa lile tawi."

"Ngoja." Daktari akamshika mkono, akauachia haraka alipoona anavyomtazama. "Nimekosea. Sina la kujitetea. Niliogopa. Ningekuuliza, ungeweza kusema hapana, na mimi nisingejua la kufanya na hiyo hapana. Ndiyo maana nikajijibu mwenyewe. Ni woga, si kitu kingine." Akamtazama usoni. "Sasa nakuuliza. Twende wote."

"Twende kama nani? Kama fundi wako? Kama mtu uliyemkosea unayetaka kumlipa fadhila?"

"Kama mke wangu."

Maneno yale Fundi alikuwa ameyangoja kwa mwaka mzima. Alikuwa ameyawazia mahali pengi, akiwa ameoga, amevaa gauni lake la kijani. Leo yalimkuta na tope hadi magotini, na hasira bado inamchemka, na aliona kama ameibiwa.

"Hujui taratibu," akasema. "Mwanamke haposwi barazani mbele ya shangazi, kama mtu anayeulizwa atakula nini. Nina wazazi. Nina wajomba wanaojua kukasirika. Na hata wakikubali wao, mimi bado sijakusamehe."

"Sawasawa," shangazi akanong'ona, akasahau yuko upande gani.

Fundi alishuka ngazi. Alikuwa amefika katikati ya ua mama alipoita.

"Binti."

Akasimama. Heshima ilimlazimu kurudi, akarudi, akasimama mbele ya kiti na mikono nyuma. "Abee, mama. Naomba unisamehe. Kule nilikufokea. Sikuwa na njia nyingine."

"Umenifokea kweli." Mama alijifunga vizuri shuka. Midomo yake bado haikuwa imepata rangi. "Tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyepandisha sauti mbele yangu. Wote wananishika kama yai. Huyu hapa," akamwonyesha mwanawe kwa kidevu, "ndiye kabisa. Jambo lolote zito ananificha, asije akaniumiza. Hata habari za ng'ambo nilizisikia kwa rafiki yake. Sasa naona na wewe amekufanyia yale yale. Ni ugonjwa wake. Mimi ndiye niliyemlea nao."

"Mama..." Daktari akaanza.

"Wewe nyamaza. Huulizwi." Akamrudia Fundi. "Kule msituni nilikuwa naiangukia ile nguzo. Ungenibembeleza, ungeniita mama, ungeniomba taratibu, ningeishika. Umenipigia kelele kama mtoto mkorofi, na ndiyo maana niko hapa nimefunikwa shuka." Akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Kwenu ni wapi?"

Fundi hakuelewa. "Mama?"

"Nimeuliza kwenu ni wapi. Nyumbani. Njia inapita wapi, na nani anaulizwa mtu akipotea."

Shangazi akaachia mdomo wazi. Daktari aliinuka nusu, akakaa tena.

"Wifi, umekubali?" shangazi akauliza.

"Sijasema nimekubali. Mbona mna haraka? Nimeuliza njia tu. Na huyu naye hajamsamehe mwenzake, umemsikia. Watu wanaweza kukasirikiana huku wakijua njia ya kwenda kwao."

Fundi akaanza kueleza. Unapita kituo cha mafuta, unaliacha soko mkono wa kulia, unashuka hadi karakana ya kuchomelea milango. Hapo unauliza nyumba ya fundi viatu, kwa sababu baba yake ndiye anayejulikana, yeye mwenyewe hakuna anayemjua. Alieleza vizuri mpaka alipofika kwenye lango la nyumba, na hapo sauti ikamkatika, akalazimika kungoja.

Mama hakumharakisha. Alimfanya shangazi airudie njia yote toka mwanzo, na alipokosea soko akamsahihisha.

"Mama yako huwa nyumbani siku gani?"

"Jumapili hatoki."

"Basi mwambie asitoke."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama Daktari, aliyekuwa amekaa palepale kwenye ngazi, shati limechanika, uso wa mtu aliyesikia hukumu yake ikisomwa kwa lugha asiyoielewa. Alitaka kuendelea kumkasirikia. Alijitahidi kwa nguvu zake zote, na kwa kitambo kidogo aliweza.

"Wewe inuka," akamwambia. "Tawi lile ni zito. Siliwezi peke yangu."